Joto la Mota Iliyosimama

Maisha yangu yote ya kazi nimesuka mota. Nilitoka mlimani Kilimanjaro na cheti cha kidato cha nne, nikapewa kona kwenye karakana ya mtu Kariakoo, upande wa Gerezani, baadaye ikawa yangu, na nimezeekea hapo hapo. Mota za pampu, za mashine za kusaga, za feni: inaletwa imeungua, naifungua, natoa waya uliogeuka mkaa, nasuka mpya, napaka vanishi, inarudi kuzunguka. Kazi hii inamfundisha mtu kuamini kiganja chake kuliko kipimo chochote. Mota inayozunguka ikiwa na joto la kiasi, iache. Mota iliyosimama, umeme unaingia, na joto linapanda, izime haraka, maana inajichoma yenyewe. Niliwafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwangu, na hakuna mota iliyowahi kunionyesha vinginevyo mpaka nilipokuwa mzee.

Rafiki yangu alikuwa seremala, fremu mbili kutoka kwangu. Mtu wa kusini, wa huko kwenye korosho, na kazi yake ilikuwa milango ya kuchonga. Hakuwa na haraka. Mteja akija kuuliza mlango umefika wapi, anaonyeshwa ua moja na kuambiwa aondoke nalo kichwani. Tulitaniana tangu siku za kwanza. Yeye alisema watu wa mlimani huzaliwa na duka mgongoni, mimi langu nililidondosha njiani. Mimi nilisema watu wa kwao wakiona gogo wanaliamkia kabla ya kulikata. Tulikula pamoja mchana, yeye akiswali mimi namlindia fremu, mimi nikienda kuzika kwetu Desemba yeye anapokea mota zangu na kuwadanganya wateja kwamba nipo hospitali.

Kisha akapata kiharusi. Mguu wa kulia ulirudi kidogo, wa kuburuza. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu, na kibaya zaidi ulikuwa haumpi habari. Ungeweza kuuweka juu ya sufuria ya moto asijue mpaka anuse.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia, na wakati ule sikuliona kuwa kosa. Kwetu mgonjwa haambiwi anavyoonekana. Unaingia, unakaa kwenye ukingo wa kitanda, unasema, "Naona leo umependeza." Unamshika vidole, unasema, "Hivi vimeanza kuitika." Havikuwa vimeitika chochote. Nilisema hivyo kila nilipokwenda. Mkewe alisema, binti yake alisema, majirani walisema. Yeye alitutazama mmoja mmoja na kutikisa kichwa taratibu, nami nikadhani anapata moyo. Sasa najua alikuwa anatuhesabu kama watu ambao maneno yao hayana uzito.

Wazo la mashine lilikuwa la binti yake. Alisomea kompyuta chuoni, akaishia kwenye steshenari karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, anapiga picha za pasipoti na kuchapa barua za maombi ya kazi za watu wengine. Alikuwa ameona kwenye simu mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, nyingine zimeundwa na watu nyumbani. Akaja kwangu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka unisaidie kumrudisha baba kazini."

Tuliunda kidogo kidogo. Meza ya mabomba ya chuma ya mraba, reli mbili pembeni, na juu yake fremu inayokwenda mbele na nyuma, ambayo tuliiita daraja. Kwenye daraja ikapanda ruta, ile mashine ndogo ya mkono ya kuchimbia mbao, nayo ikawekewa kisu. Mota tulizipata maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, nyingine zikatoka kwenye mashine kubwa ya fotokopi iliyokufa. Mimi nilifunga nyaya. Rafiki yangu aliletwa kwa bajaji, akakalishwa kwenye stuli yake, akawa anatukosoa.

"Hiyo meza imepinda."

"Haijapinda, baba, nimepima."

"Umepima na simu. Mimi nimepima na jicho."

Ilikuwa imepinda. Tulichomoa boliti, tukaanza upya, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu mota hizo, maana kila kitu kiliangukia hapo. Hazizunguki kama zile nilizozizoea. Zinaruka, hatua ndogo sana baada ya hatua ndogo sana, na kila hatua kompyuta imeiagiza. Zikifika zilipoagizwa, hazipumziki. Umeme unabaki ndani ya koili, sumaku inaushika mhimili pale pale, na ukiweka bega kusukuma daraja haliendi. Ukisikiliza utasikia mvumo mwembamba. Mvumo huo ndio kushika kwenyewe. Ukikata umeme, mota inaachia, na daraja linakuwa kama mlango usio na komeo: mtoto analisogeza kwa kidole.

La pili ni kwamba kompyuta haiulizi. Inakumbuka ilichoagiza, basi. Iliagiza hatua kadhaa kulia, inaamini mota ipo kulia. Kama mtu alilisukuma daraja wakati mota imeachia, kompyuta haina jicho la kuona. Itaendelea na kazi kana kwamba kila kitu kipo mahali pake. Binti alinieleza haya kwa subira, akachora kwenye kipande cha boksi. Nilielewa. Sitaki mtu afikiri sikuelewa. Nilielewa kwa kichwa, na kiganja changu kikabaki na elimu yake ya zamani.

Siku ya kwanza tuliyoiwasha, nilishika mota ikiwa imesimama, nikaondoa mkono.

"Hii inaungua."

"Haiungui. Ndivyo zilivyo."

"Mama, mimi nimesuka mota kabla hujazaliwa. Imesimama na ina moto."

"Imesimama kwa sababu inashika, baba mdogo. Huo sio ugonjwa, ndiyo kazi yake. Ikiwa ya baridi ndiyo uogope."

Baba yake akadakia kutoka kwenye stuli, "Mwache. Watu wa mlimani wakiona moto wanadhani ndizi zinaungua."

Tulicheka. Binti aliweka swichi ndogo nyekundu pembeni ya meza, ya kulegeza mota, ili tuweze kusogeza daraja kwa mkono tunapopandisha ubao. Akasema swichi hiyo inaguswa kabla ya kazi na baada ya kazi. Katikati ya kazi, kamwe.

Wakati huo kamati ya msikiti mmoja wa jirani ilikuwa inatafuta fundi wa mlango mpya. Wazee wale walimjua rafiki yangu, walitaka kumpa kazi, ila waliogopa. Wakaomba waone kwanza ubao mmoja uliokamilika. Rafiki yangu alikuwa na mbao za mninga alizozikausha miaka mingi, akawa hawauzii watu. Alichagua moja. Michoro ilikuwa ya kwake, maua na mizabibu aliyoichora enzi zake kwenye karatasi za kaki. Binti aliipiga picha, akaifuata mstari kwa mstari kwenye kompyuta, na baba alikaa nyuma yake akisema hapana, jani hilo linalala zaidi, hapana, rudi.

Kaka zake kule kusini walikuwa wameanza kupiga simu. Walitaka wamchukue, akakae nao. Mjini atafanya nini mtu wa mkono mmoja? Siku moja, tukiwa wote watatu kwenye fremu, alisema jambo ambalo nilijua analisema kwa mara moja tu.

"Ubao huu ukitoka, mimi bado ni fundi. Nitabaki hapa, hata kama fundi mwenyewe ni kompyuta, michoro ni yangu. Usipotoka, nakwenda kwa kaka yangu nikakae kwenye mkeka."

Hakuna aliyetania.

Tulianza asubuhi. Kisu kikubwa kilipita kwanza kikichimba mashimo ya mizabibu, vumbi la mninga likijaa hewani, na rafiki yangu alisogeza stuli yake karibu mpaka binti akamwomba arudi nyuma. Ilitoka safi. Nilimwona akisogeza midomo, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Adhuhuri ilipokaribia, mashine ilisimama ili kisu kibadilishwe, kiingie kile chembamba cha kumalizia kingo. Binti alikitoa kwenye kisanduku, akakiinua kwenye mwanga, akakuta ncha imekatika.

"Nakwenda kununua kingine, hapo hapo mbele. Msiguse kitu."

"Tutagusa nini," nikasema.

Baba yake aliswali akiwa amekaa kwenye stuli. Mimi nilibaki nimesimama kando ya meza. Fremu ile ina bati lisilo na dari, na mchana wa Kariakoo hauhitaji nieleze. Nikaweka kiganja kwenye mota ya daraja. Nikatoa. Nikaweka tena. Ilikuwa na joto kuliko siku zote, na ilikuwa imesimama, na binti hakuonekana. Ninaweza kuandika hapa kwamba nilisahau alichoniambia. Sikusahau. Nilikikumbuka neno kwa neno, na bado nikaona kwamba yeye ni mtoto na mimi ni fundi wa mota, na kwamba mota ikifa leo, kazi ya rafiki yangu itakufa nayo. Nikabonyeza swichi nyekundu. Mvumo ukakatika. Nikahisi nimeokoa kitu.

Rafiki yangu alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, akataka kunyanyuka. Nilikwenda kumpa mkono, lakini hakupenda kushikwa, aliwahi kusimama mwenyewe. Alipepesuka kidogo, upande wake wa kulia ukagusa daraja, kisha akajiweka sawa. Daraja lilisogea upana wa ukucha hivi. Niliona. Niliona kama mtu anavyoona pazia likitikisika. Akili yangu ilikuwa kwenye miguu yake, asianguke.

Nikamsikia binti nje akisalimiana na muuza viatu. Nikarudisha swichi, mvumo ukarudi. Sikumwambia. Sababu ni ndogo na ya aibu: sikutaka mtoto anisute mbele ya baba yake. Nilijiambia mota zimepata kupumua, hakuna kilichoharibika.

Alifunga kisu, akapima kina, akawasha.

Aliyegundua alikuwa rafiki yangu. Sisi tulikuwa tunatazama kisu, yeye alikuwa anatazama ua. Aliinua mkono wa kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima."

Binti alizima. Kisu chembamba kilikuwa kimepita kando ya kila ukingo badala ya kupita juu yake. Kila jani lilikuwa na jani la pili limelichana ubavuni. Mzabibu mzima, kutoka juu mpaka karibu na katikati ya ubao.

Nikasema hapo hapo. Ninajua nimechelewa mambo mengi maishani, lakini hilo sikulichelewesha. Nilisema, "Ni mimi. Nililegeza mota ulipotoka. Niliona zina moto."

Binti alinitazama. Hakunisuta. Alikaa kwenye kopo la rangi, akaweka mikono usoni.

Rafiki yangu alikuwa anatazama mkono wa kanzu yake, wa kulia. Ulikuwa na mstari wa vumbi jekundu la mninga, kuanzia begani mpaka kiwikoni.

"Nililigusa daraja," akasema.

"Uligusa kwa sababu lilikuwa limelegea. Lingekuwa limeshikwa, ungeliegemea mpaka jioni lisingesogea. Ni swichi. Nimeibonyeza kwa mkono wangu."

"Unanifunika."

"Sikufuniki. Nakwambia nilichofanya."

"Baba, ni kweli," binti akasema. "Mota zikiwa zimeshika huwezi kulisogeza. Lazima kuna mtu alilegeza."

Alitutazama kwa zamu, kwa ule utulivu aliokuwa akitutazama nao kitandani.

"Nyie wawili mliniambia vidole vinaitika," akasema. "Mwezi baada ya mwezi. Mkinishika, vinaitika, vinaitika. Mimi mwenyewe sikuhisi kitu, nikasema labda wao wanaona. Sasa leo mkono huu umeharibu kazi, na ninyi mna hadithi tayari."

Ningejibu nini? Kwamba siku zile tulidanganya na leo tunasema kweli? Kila neno nililolisema baada ya hapo lilikuwa linatoka katika kinywa kile kile.

Binti alisema mbao zipo, tutachonga upya, kesho. Baba yake alisema mbao ziuzwe. Wazee wa kamati walipokuja, aliwaonyesha ubao ule ule ulioharibika, hakutaka ufichwe. Waliupapasa, wakasema kazi ni nzuri, watakaa kikao. Wakanunua mlango wa chuma.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mwisho, na hili nililifikiria usiku kadhaa nikiona ni dawa. Maneno yangu hayaaminiki, sawa, basi aone kwa macho. Nilikodi bajaji, nikamwomba binti aje, tukamleta kwenye fremu. Nikawasha mashine. Nikamwambia, "Sukuma." Alisukuma kwa mkono wa kushoto, mkono wa fundi, bado una nguvu. Daraja halikwenda. Nikabonyeza swichi nyekundu. Nikasema, "Sasa sukuma."

Hakusukuma kwa mkono wa kushoto. Aliugeuza mwili, akauinua mkono ule uliokufa kwa kuushika kwenye kifundo, akauegemeza kwenye daraja kama mtu anayeweka mzigo kaunta. Daraja likateleza, laini, mpaka mwisho wa reli.

"Umeona," akasema.

"Limesogea kwa sababu nimelegeza."

"Limesogea kwa sababu nimeliegemea. Hata sikuhisi. Nilikuwa sina hakika, nilikuwa nasema labda kweli ni wewe. Sasa nimeona."

Binti alitoka nje. Mimi nilibaki na kidole kwenye swichi. Nilikuwa nimemletea ushahidi, na ushahidi ulikuwa wa kweli pande zote mbili: mimi niliachia, yeye aliegemea. Mtu huchukua ule unaofanana na anachokiogopa. Nilijaribu kumwelekeza mkono kwenye mota, aone joto lililonidanganya, akasema amechoka, arudishwe nyumbani.

Aliondoka kwenda kusini baada ya mvua, maji ya mafuriko yalipokuwa yametoka bonde la Jangwani na barabara kupitika. Alikuja Kariakoo kuaga, hakutaka kushuka kwenye bajaji. Mkewe alikaa upande mmoja na mabegi, yeye upande wa nje, mkono wa kulia ameulaza mapajani na wa kushoto umeushika kwa juu, kwa nguvu, kama unavyomshika kuku unayempeleka sokoni. Niliinama kwenye mlango. Nilikuwa nimepanga maneno, mafupi safari hii.

"Kaka, sikiliza. Ubao ule niliuharibu mimi."

Alitabasamu, upande mmoja.

"Mtu wa mlimani," akasema. "Mnasemwa kwamba hamtoi kitu bure. Wewe umebeba kosa langu mbele ya mwanangu, mbele ya wazee, umelibeba mpaka leo. Sitalisahau. Mungu akulipe."

Mkewe akasema, "Amina." Alikuwa analia kidogo, na alinitazama kwa shukrani.

Dereva aliondoa gari, likaenda hatua chache tu. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa marobota ya mitumba umekwama, wapagazi wanagombana nani asukume, na bajaji ikasimama pale, karibu nami kiasi kwamba niliweza kuona nyuma ya shingo yake na ukosi wa shati aliopigiwa pasi. Ilisimama muda mrefu. Ningeweza kumfuata nikamwambia tena. Muuza viatu aliniuliza kama yule ndiye seremala, na kama anarudi. Nilimwambia hapana. Kisha mkokoteni ukatoka, na wao wakapita.

Mashine anayo binti. Anakatia majina ya maharusi kwenye mbao laini, ya kuweka nyuma ya meza kuu, na yanapendwa. Mimi karakana nimeifunga.